Bomba Lililopimwa Mchana

Mtu wa kwanza kumpiga Nkwabi ni mimi. Naliweka hilo mbele mapema kwa sababu pale kijijini kila mtu ana habari yake, na kila habari inaanza na mkono wa mtu mwingine. Wengine wanasema alianza Tadei. Wengine wanasema ilikuwa vurugu tu, haijulikani nani alitangulia. Waongo wakubwa. Nilimpiga mimi, Salvatory, fundi bomba, kwa spana kubwa ya mabomba, kwenye taya la kushoto, na meno mawili yalitoka palepale.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita, mwaka tisini na sita. Jana yake, Jumapili saa nane mchana, tulikuwa tumefungua maji. Kijiji chetu kiko chini ya milima ya Udzungwa, kati ya Chita na Mlimba, na tangu kianze hakikuwahi kuwa na bomba. Watu walikunywa maji ya visima vya kuchimba kwa jembe, na masika mafuriko yanaingia humo na kila uchafu wa bondeni. Mwaka ule kuhara kuliua watoto sita. Wa nne alikuwa Justa, mtoto wa dada yangu Brigitha, wa miaka miwili. Kwa hiyo maji yalipotoka pale uwanjani, baridi ya kuuma meno, watu walicheza mpaka vumbi likawa tope. Walinibeba mabegani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Anselim, akatangaza mbele ya wote kwamba kijiji kimepata injinia. Sikumsahihisha. Nilivimba kichwa, nikaenda kulala nimevimba.

Asubuhi bomba lilikuwa kavu. Tone moja, kisha hewa.

Tulipanda mlimani tukifuata mtaro wa bomba, watu kama thelathini. Sikumwambia mtu abebe kitu, lakini nilipogeuka nyuma niliona mapanga, marungu na majembe. Ukungu ulikuwa bado umelala. Hatujafika nusu ya njia, tukamwona Nkwabi anashuka mbio kuja kwetu, fimbo ya ng'ombe mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa Msukuma wa kutoka Maswa, ameingia bondeni na mifugo yake miaka miwili kabla, akajenga pembeni mwa msitu. Akasimama mbele yetu akihema.

"Shikamooni wazee. Salvatory, maji yako yanamwagika kule juu. Bomba limeachana."

Hapo inabidi nieleze kitu kimoja. Mwezi mmoja nyuma, kwenye mkutano wa kijiji, Nkwabi alikuwa ameomba tutoe tawi dogo la bomba tujenge mbauti, yaani birika la kunyweshea ng'ombe, ili mifugo isikanyage mpunga ikienda mtoni. Mkutano ukamcheka, ukamzomea. Akaondoka akisema, "Haya, tutaona ng'ombe watakunywa wapi." Ni maneno ya mtu aliyeudhika, basi. Lakini asubuhi ile kila mmoja aliyakumbuka kwa wakati mmoja, nikayaona yakipita kwenye nyuso zao.

"Umeliona limeachana," nikamuuliza, "au umelikata?"

Akafungua mdomo kujibu. Nikampiga.

Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua. Zimenipotezea mke, zimenipotezea marafiki. Lakini zile za asubuhi ile zilikuwa na utamu ndani yake, na hicho ndicho ninachokionea aibu zaidi. Nilikuwa injinia wa kijiji kwa usiku mmoja, na huyu mtu amekuja kuninyang'anya. Alipoanguka nilimpiga teke la mbavu, nikasikia limeingia.

Wengine hawakungoja kuambiwa. Tadei, kijana mwenye nguvu kuliko wote kijijini, alikuwa na kipande cha bomba jeusi, urefu wa mkono mmoja. Alimchapa nacho mgongoni mpaka shati likapasuka, halafu akaendelea kwenye ngozi. Mtu mmoja alimkanyaga vidole kwa buti. Mwingine akasema wamkate mkono uliokata bomba, na wawili wakamkunjua mkono wa kulia juu ya gogo. Nkwabi alikuwa anapiga kelele jina langu. "Salvatory, waambie! Mimi nimekuja kuwaita! Salvatory!"

"Subirini kwanza," Mzee Anselim akasema. "Fundi akaangalie ushahidi, ndipo tukate."

Nikaenda kuangalia ushahidi. Palikuwa hatua hamsini mbele.

Mtaro wote ulikuwa tope, na nyayo za ng'ombe zilijaa kila upande. Walikuwa wamekuja kunywa maji yaliyomwagika, kama ng'ombe yeyote angefanya. Bomba lilikuwa limeachana kwenye kiungio, na kati ya ncha na ncha palikuwa na nafasi ya mkono wangu, kutoka begani hadi vidoleni. Nikainama na kuishika ncha ya kwanza. Kiungio cha chuma kilikuwa bado kimo ndani. Nikashika ya pili. Mduara wake ulikuwa mzima, laini, na alama ya waya wangu wa kukazia kiungio ilikuwa imekwaruza kuelekea nje, jinsi bomba lilivyochomoka taratibu. Hapakuwa na alama ya panga wala kisu.

Nilikaa chini kwenye tope lile. Nilikuwa nimeshajua.

Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha mabomba ya plastiki, Dar es Salaam, mpaka tulipopunguzwa. Naijua safari ya bomba tangu mwanzo. Linaanza kama punje nyeusi, ndogo kama mbegu za papai. Unazimimina kwenye mdomo wa mashine, na ndani yake kuna skrubu nene kama paja inayozisukuma mbele huku zinapikwa, nyuzi joto mia mbili hivi, mpaka zinakuwa uji mzito. Uji ule unasukumwa nje kupitia pete, na hapo ndipo unapata tundu. Ukiugusa wakati huo unang'ang'ania. Mwenzangu mmoja ulimdondokea kiganjani, ikabidi ubanduliwe pamoja na ngozi. Kutoka kwenye pete bomba linaingia moja kwa moja kwenye hodhi la maji baridi ili ligande na kushika umbo. Msimamizi wetu, Mzee Nazari, alikuwa na sheria moja: bomba halipimwi wala halikatwi mpaka lipoe kabisa. Ukilikata likiwa vuguvugu anakuchapa kofi la kisogo, hata kama una wajukuu. "Joto limelirefusha hilo," alikuwa anasema. "Kesho litakuwa fupi, na mteja atakuja kukutukana wewe, hatalitukana joto."

Na likishatoka kiwandani tabia haliachi. Bomba jeusi likilala juani linarefuka. Mita mia zinaweza kuongezeka karibu mita nzima. Usiku ukiingia, au maji baridi yakipita ndani, linarudi. Kwa hiyo unalitandika asubuhi na mapema, unaliacha lipindepinde kidogo mtaroni lipate pa kujivutia, na unalifukia siku hiyohiyo.

Sasa sikia tulivyofanya sisi. Mwezi wa tano na wa sita mpunga unaiva, na kweleakwelea wanashuka mashambani alfajiri mpaka saa nne, halafu tena kuanzia saa tisa mpaka jua kuzama. Saa hizo kijiji kizima kiko madunguni kuamia ndege, watu wanapiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Ndege wanapumzika mchana tu, jua likiwa kali, na watu nao wanapata nafasi wakati huohuo. Kazi yote ya bomba tuliifanya saa tano hadi saa nane. Nilimwambia Mzee Anselim mara moja kwamba saa zile hazifai. Akaniuliza kama ndege nitawaamia mimi. Nikaendelea na kazi.

Roli kumi na mbili za bomba, mita mia kila moja, tulizikunjua kwenye jua la saa sita, bomba likiwa la moto mpaka tunalishika kwa matambara. Mwenyekiti alitaka linyooke kama reli. Wanaume ishirini wakalivuta mpaka likanyooka, nami nikashangilia, kwa sababu kweli lilipendeza. Tulipofika kwenye tenki la kijiji likazidi hatua nane. Nikachukua msumeno, nikakata zile hatua nane, na watu wakagawana vipande. Nkwabi alikuwepo. Ng'ombe wake ndio waliokokota roli zote kutoka stesheni, bure, kabla hatujamzomea mkutanoni. Aliniuliza, "Fundi, mbona unakata? Hutakuja kukihitaji?" Nikamwambia akachunge. Kisha nikafunga ncha zote mbili kwa zege, moja kwenye chanzo mlimani, nyingine kwenye tenki. Kufukia tukaahirisha mpaka tumalize kuvuna.

Maji ya mlimani yalipita ndani yake usiku kucha, na usiku wa mwezi wa sita kule kwetu watu wanalala na moto chumbani. Bomba lilijivuta. Zege haikulegea upande wowote. Likachomoka kwenye viungio. Na kile kipande alichokuwa anakitumia Tadei, kile kilichokuwa kinamchuna Nkwabi mgongo, nilikikata mimi kwa mkono wangu.

Niliporudi, mkono wa Nkwabi ulikuwa bado juu ya gogo. Tadei alikuwa ameshabadilisha kipande cha bomba kwa panga.

Ningeweza kusema sentensi moja. "Kosa ni langu, nimelitandika vibaya." Sentensi fupi, hata mtoto anaisema. Niliwatazama, wale thelathini, damu imewajaa machoni, na niliona kabisa jinsi ambavyo wangegeuka, si lazima kunipiga, bali kunitazama tu. Injinia. Nikasema kitu kingine.

"Halijakatwa," nikasema. "Limejivuta lenyewe kwa baridi. Jua likiwaka litarudi."

Wakacheka. Tadei akasema, "Bomba limekuwa nyoka?"

"Zibeni maji kule kwenye chanzo. Liachwe kavu lipigwe jua. Saa sita ncha zitagusana. Msipoona zimegusana, fanyeni mnachotaka."

Mzee Anselim akafikiri. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Anapenda jambo lenye saa maalumu. Akakubali. Mpaka saa sita. Zikigusana, Nkwabi anaachiwa. Zisipogusana, "tutamalizana naye hapahapa." Wakamfunga mikono nyuma kwa waya, waya wangu wa viungio, wakamlaza kando ya mtaro, karibu na ile nafasi, ili aione. Nilijiona nimemwokoa. Haki ya Mungu, nilijiona mwema.

Ilikuwa saa moja na nusu. Kutoka hapo hadi saa sita ni saa nne na nusu.

Sikuwa nimefikiria ndege. Watu hawawezi kukaa asubuhi nzima kulinda mtu mmoja huku kweleakwelea wanamaliza mpunga, kwa hiyo wakaanza kupokezana. Kumi wanabaki, ishirini wanakwenda madunguni. Baada ya muda wanabadilishana. Na kila aliyerudi alirudi na hasira ya alichokiona shambani. Mmoja alikuta robo ya jaruba imeliwa. Akampiga Nkwabi teke la tumbo. Mwingine akasema, "Ningekuwa shambani kwangu saa hizi kama si wewe," akamponda kifundo cha mguu kwa jiwe. Walipokezana kuamia ndege na walipokezana kumpiga. Nilisema "jamani, tumekubaliana," mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa sauti ndogo, mara ya tatu sikumbuki kama nilisema.

Ukungu haukuondoka. Saa tatu tulisikia treni ya kwenda Ifakara inapiga honi stesheni. Ifakara kuna hospitali, na kwa wakati ule Nkwabi bado angeweza kutembea akishikwa. Nililiwaza hilo wazi kabisa, kichwani, kwa maneno. Treni ikasimama dakika zake, ikaondoka.

Saa nne kasoro akaja Brigitha. Alikuwa amepandisha mlima peke yake na mchi wa kutwangia. Hakumsalimia mtu. Akamsogelea Nkwabi, akauinua mchi kwa mikono miwili kama yuko kwenye kinu, akamshushia gotini. Mfupa ulilia. Akauinua tena.

"Hili ni la Justa," akasema, akaushusha.

Nkwabi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala mnyama. Dada yangu akaketi chini, akaanza kulia, mchi mapajani. Alikuwa anamlilia mwanawe, na aliyemfanya aamini kwamba ameonewa mara ya pili ni mimi. Sikumshika mkono. Nilikuwa nimeinama mtaroni, nachomeka kijiti kwenye ncha ya bomba ili nipime litakavyosogea.

Saa nne na nusu jua likatoka. Lilitoka kwa ghafla na kwa ukali. Bomba likaanza kumeta. Nikawaita waje waone. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, na Tadei akaanza kulinoa panga kwenye jiwe taratibu, makusudi, ili Nkwabi asikie. Kisha kijiti kikalala. Ncha ilikuwa imekisukuma.

"Upepo huo," mtu akasema.

Nikachomeka kingine, vidole viwili mbele. Kikalala nacho. Nikachomeka cha tatu. Sasa walikuwa wamejipanga pande zote za mtaro, wamechuchumaa. Ungeweza kuliona bomba likija, ukilikodolea macho. Linasimama, linajikusanya kidogo pembeni, halafu linateleza mara moja upana wa kidole. Upande wa pili nao unakuja. Saa tano na robo ilibaki shubiri moja. Saa tano na nusu vidole vinne. Nilikuwa na furaha. Naomba mnielewe, pembeni yangu kuna mtu anakoroma damu, na mimi nilikuwa na furaha kwa sababu bomba lilikuwa linafanya nilichosema.

Saa sita haijafika, ncha zikagusana. Hazikuishia hapo. Moja ikapanda juu ya nyingine, ikazidi, ikaendelea.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee Anselim alivua kofia, akaivaa tena. Tadei alilitazama panga lake, akalificha nyuma ya mguu kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mtu mmoja akasema, "Ndege," akaanza kushuka. Mwingine akasema, "Kweli, ndege," akamfuata. Wote waliondoka hivyo, mmoja mmoja, wanakwenda kuamia ndege saa sita mchana, saa ambayo hakuna ndege hata mmoja shambani. Mwenyekiti aliondoka wa mwisho. "Fundi," akasema bila kunitazama, "uliunganishe. Watu wanahitaji maji."

Tulibaki mimi, Brigitha na Nkwabi.

Nikamfungua waya. Ulikuwa umezama kwenye nyama, ikabidi niukate kwa koleo. Mikono yake haikurudi mbele. Ilibaki nyuma ilivyokuwa. Tumbo lilikuwa limevimba na limekuwa gumu, na damu ilikuwa inamtoka sikioni. Brigitha akavua kitenge chake cha juu, akamkunjia chini ya kichwa.

"Ulijua," Nkwabi akasema. Ilitoka kwa shida, kwa lile taya nililolivunja.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoziona ncha. Asubuhi."

Akafumba macho. Nilidhani amepoteza fahamu.

"Na sababu unaijua?"

"Ni mimi. Nililipima mchana, likiwa la moto. Nikalivuta, nikalikata." Hatimaye nilikuwa nimeisema ile sentensi, na hapakuwa na mtu wa kuisikia isipokuwa yeye na dada yangu. Brigitha aliinua uso akanitazama. Sitausema mtazamo ule.

"Ungewaambia," Nkwabi akasema. "Mdomo unao. Kwa nini ulingoja jua?"

Nilitafuta sababu kubwa. Mtu akifanya jambo kubwa namna ile anatamani awe na sababu inayolingana nalo. Sikuipata.

"Niliogopa wataniita fundi mbovu," nikasema.

Alinitazama kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Alikufa hatujafika stesheni. Mimi nilikuwa nimemshika mabega, Brigitha amemshika miguu.